Mwanga unaopinda kinyume: je, unavunja kikomo cha kasi?

SWALI: Nimesoma kuhusu "maada za mkono wa kushoto", ambazo mwanga ukiziingia hupinda upande usio wake. Nasikia mwaka 2002 wanafizikia walipinga, wakisema sehemu ya wimbi ingelazimika kwenda kasi kuliko mwanga. Nani alikuwa sahihi?

JIBU: Ndugu msomaji, pingamizi hilo halikuwa la kipuuzi. Lilitolewa na Valanju na wenzake wa Chuo Kikuu cha Texas, Austin, mwaka mmoja tu baada ya Shelby, Smith na Schultz wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, kupitisha maikrowevu (mawimbi ya jamii moja na mwanga, ila marefu zaidi) kwenye prizimu, yaani kipande chenye umbo la kabari, ya vipete na vijiti vya shaba na kupata namba ya mpindo, yaani kipimo cha jinsi mwanga unavyopinda, ya takriban -2.7; alama hasi maana yake unapinda kinyume. Mwanafizikia wa Kisovieti, Veselago, alikuwa ameyatabiri hayo kwa hesabu tangu 1967.

Hoja ya Valanju na wenzake: wimbi likifika mpakani kwa mshazari, ncha moja hutangulia. Ili lipinde kinyume papo hapo, ncha iliyochelewa ingebidi iruke umbali mrefu bila kutumia muda wowote. Kosa limejificha kwenye hilo "papo hapo". Foteinopoulou, Economou na Soukoulis waliliiga tukio hilo kwa kompyuta mwaka 2003, wakaona wimbi likinasa mpakani kwa muda, likijipanga upya, kisha ndipo likaelekea upande hasi. Hakuna kilichoupita mwanga.

Kulikuwa na hoja ya pili, na hii ndiyo ninayoipenda. Valanju na wenzake walichanganya mawimbi mawili ya masafa (idadi ya mitetemo kwa sekunde) tofauti kidogo, wakafuata mistari inayotokana na mwingiliano wake. Mistari ikasogea upande wa kawaida. Laza kitana juu ya kingine, ukikizungusha kidogo: utaona mistari minene isiyofuata meno ya kitana chochote. Mistari ya mawimbi yale ni ya namna hiyo. Sasa, mstari mrefu usio na mwisho ukiteleza kwa urefu wake, utajuaje kwamba umeteleza? Hujui. Unaona tu unavyokwenda ubavu. Tumia mwale wenye kingo, na kingo zitakuonyesha nishati inakwenda wapi: upande hasi. Hilo ndilo jibu la mwanafizikia Mwingereza Pendry na Smith, yule wa San Diego, na mimi nipo upande wao.

Garcia na Nieto-Vesperinas wa Madrid walikuja na shaka ya kimaabara zaidi. Shaba hula nishati, na prizimu ina upande mnene na upande mwembamba. Mwale unaodhoofishwa upande mmoja waweza kuonekana umepinda hata kama haukupinda. Hiyo ilidai kipimo, si maneno. Mwaka 2003 kundi la Houck la chuo cha MIT, Marekani, na la Parazzoli wa kampuni ya ndege ya Boeing lilirudia jaribio kila moja kivyake, Parazzoli akipima mbali zaidi na prizimu, na mwale ukabaki upande ule ule hasi.

Upotevu huo wa nishati, hata hivyo, haukuondoka. Ndio unaoibana hadi leo "lenzi kamili" aliyoipendekeza Pendry mwaka 2000, yaani lenzi ya maada hizi ambayo ingetoa picha bila kupoteza undani wowote.