Kutoka uhasibu hadi fizikia: nilivyojipima, na miaka iliyonichukua

Ndugu yangu, umeuliza kama mtu wa miaka 27 mwenye shahada ya biashara anaweza kuhamia fizikia ikawa ndiyo kazi yake, au ameshachelewa. Nakujibu kwa kirefu kwa sababu swali hilo nimelibeba mwenyewe. Nilisomea uhasibu, nikaufanyia kazi miaka minne, kisha nikaanza upya nikiwa na miaka 28. Sasa ni mwanafizikia tiba, yaani anayepima na kukagua mionzi anayopewa mgonjwa, katika idara ya tiba ya mionzi. Hujachelewa. Ila usiandike barua ya kuacha kazi kabla hujajipima.

Mimi mwanzoni nilijipima vibaya. Mwaka mzima nilisoma vitabu na kutazama mihadhara usiku baada ya kazi. Kila hatua niliifuata, nikaamini naelewa. Siku moja nikakutana na swali hili: tufe lililojaa na pete, vyenye uzito mmoja na nusu kipenyo kimoja, vinaachiwa pamoja vibingirike kwenye mteremko. Kipi kitatangulia kufika chini? Sura ile nilikuwa nimeisoma mara tatu, lakini kalamu haikusogea. Nikajiambia vitafika pamoja, maana uzito ni ule ule.

Swali lile lilinichukua jioni mbili. Kilichonitoa ni kazi yangu mwenyewe: niliiandika nishati kama mizania. Kinachopatikana kwa kushuka lazima kionekane upande wa pili, sehemu kwenye kusonga mbele na sehemu kwenye kuzunguka. Pete, ambayo maada yake yote iko mbali na kitovu, inatumia nusu nzima ya nishati kwa kuzunguka. Tufe linatumia 2/7 tu, kwa hiyo linatangulia. Zaidi ya hapo, uzito na ukubwa vinajifuta kabisa kwenye hesabu: tufe lolote lililojaa litaishinda pete yoyote. Jambo lile lilipotokea chini ya mkono wangu, niliinuka kitini. Hapo ndipo nilipojua naitaka kazi hii. Na hapo hapo nikagundua kwamba mwaka ule wote nilikuwa nimesoma habari za fizikia. Fizikia yenyewe, bado.

Kwa hiyo kipimo chako kiwe maswali, tena huku majibu yamefunikwa. Jipe miezi sita ya mekanika (elimu ya nguvu na mwendo) na kalkulasi (hisabati ya mabadiliko), kila wiki. Ukikwama saa mbili, halafu kesho yake ukalirudia swali kwa hamu, endelea. Ukiona unalikwepa wiki baada ya wiki, ni heri ulijue hilo ukiwa bado una mshahara.

Hesabu ya miaka nakupa bila kuipunguza. Mhandisi au mtu wa hisabati mara nyingi anaweza kuingia uzamili baada ya kujazia kozi chache. Mimi niliomba uzamili mara mbili nikakataliwa, na walionikataa walikuwa sahihi: sikuwa na mekanika ya kwanta (fizikia ya atomu na chembe zake), sumaku-umeme wala thamodinamiki (elimu ya joto na nishati), na hizo hazirukwi. Nikarudi kusoma shahada ya kwanza miaka 3, uzamili wa fizikia tiba miaka 2, kisha mafunzo ya vitendo hospitalini miaka 2, ambayo ndiyo kiwango cha chini kinachopendekezwa na Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki. Jumla 7. Mtihani wangu wa kwanza wa sumaku-umeme nilipata 31 kwa 100. Hesabu za vekta, yaani za vitu vyenye ukubwa na mwelekeo, zilikuwa hazijakaa mkononi, wakati kijana wa miaka 19 aliyekaa kando yangu alikuwa ametoka kuzisoma. Likizo nzima nikazirudia tangu mwanzo. Ukitaka kuanza na kitu kimoja leo, anza na hisabati.

Watu watakutajia Edward Witten, mwanafizikia mashuhuri wa nadharia, aliyesoma historia kabla ya fizikia. Ni kweli, lakini mfano huo haukunisaidia. Kipaji cha namna ile hakikuonyeshi pa kupita. Nilijifunza zaidi kwa Paul Dirac, mmoja wa waasisi wa mekanika ya kwanta. Alimaliza uhandisi wa umeme Bristol mwaka 1921, akakosa kazi, akasoma hisabati miaka miwili, ndipo akaenda Cambridge mwaka 1923. Baadaye alisema uhandisi ndio uliomfundisha kuyavumilia makadirio. Fani yake ya kwanza aliingia nayo ndani.

Yangu pia niliingia nayo. Katika tiba ya mionzi, dozi inayomfikia mgonjwa haitakiwi kupishana na iliyoagizwa kwa zaidi ya asilimia 5. Akilala sentimita 102 kutoka kwenye chanzo cha mionzi badala ya 100, umbali huo peke yake unapunguza dozi kwa karibu asilimia 4, kwa sababu mionzi hufifia kwa mraba wa umbali. Ndiyo maana kila hesabu hupigwa tena na mtu wa pili, kwa njia nyingine. Kupekua namba za mwenzako bila kuona haya, na kukubali zako zipekuliwe, nilikuwa nimeshayazoea hayo kwenye uhasibu.

Unapochagua tawi, basi, tazama ni wapi unachokijua tayari kinahitajika. Ukiwa na takwimu na uandishi wa programu, fizikia ya hali ya hewa na astronomia zina data nyingi kuliko watu wa kuichambua. Fizikia ya nadharia naipenda sana, lakini nafasi za kudumu ni chache hata kwa walioanza mapema. Ingia huko ukijua. Ukishapata msingi wa shahada, kitazame pia ICTP, kituo cha kimataifa cha fizikia ya nadharia kilichoko Trieste, Italia, alichokianzisha mwanafizikia wa Pakistan Abdus Salam mwaka 1964 akiwafikiria wanasayansi wa nchi zinazoendelea. Kina diploma ya mwaka mmoja inayomwandaa mtu kwa uzamivu.

Usiku wa leo chukua silinda iliyojaa, uiweke kwenye mteremko ule ule pamoja na tufe na pete. Itafika ya ngapi, na inatumia sehemu gani ya nishati kwa kuzunguka? Usilitafute jibu popote. Ukimaliza, niandikie ulikwama wapi.