Taekwondo ni pesa ngapi? Piga hesabu yote kabla hujamsajili mtoto

Wazazi wanaochungulia mlangoni mwa ukumbi wetu hapa Umoja, Nairobi, huwa na swali moja: "Kwa mwezi ni ngapi?" Mara nyingi mimi ndiye ninayejibu, kwa kuwa jioni hushika daftari la wanaoanza wakati mwalimu anawapasha wengine misuli. Nikishataja elfu mbili na nusu, uso wa mzazi hulegea, anadhani hesabu imeisha. Kumbe bado. Ada ya mwezi ndiyo rahisi kulinganisha kati ya klabu na klabu, na ndiyo inayoficha mengi kuhusu utakachokuwa umetoa mpaka mtoto afunge mkanda mweusi.

Bei nitakazotaja ni zile ninazokutana nazo upande wetu wa jiji. Kwenu zinaweza kupanda au kushuka, lakini vitu vya kulipia ni vilevile.

Anza na nauli. Kuna klabu kule Westlands yenye mikeka sakafu nzima na vioo ukutani, ada yake ni elfu saba. Mzazi wa Umoja huiogopa hiyo elfu saba, lakini hata wangesema mtoto aje bure, piga hesabu ya kufika. Matatu mpaka mjini, matatu nyingine mpaka Westlands. Mtoto wa miaka tisa hapakatwi tena, kwa hiyo mko wawili, kwenda na kurudi: nauli nane kwa siku. Kwa shilingi 60 kila moja ni 480. Mazoezi siku tatu kwa wiki ni kama siku 12 kwa mwezi, na hiyo ni shilingi 5,760 za matatu peke yake, kabla hujanyeshewa saa kumi na moja jioni na makanga akaruka ghafla mpaka mia. Ndiyo maana mimi humwambia mzazi atafute kwanza mahali mtoto anapoweza kufika kwa miguu, kisha ndipo tuzungumze mateke. Kumbi za makanisa, za kaunti, madarasa ya shule baada ya masomo: walimu wengi wa taekwondo wa jiji hili wamekodi humo, na baadhi yao ni wazuri kuliko wa kule kwenye vioo.

Sakafu ya saruji haimzuii mtu kujifunza teke. Inachosha magoti, basi msiruke ovyo, na mwalimu mwenye akili atapunguza miruko. Kuanguka ndiko kusikowezekana juu ya saruji, na hapo ndipo hapkido, sanaa nyingine ya Kikorea ya kupigana, inapoachana na taekwondo kwa gharama. Hapkido ilitokana na mafunzo ya Choi Yong-sool, Mkorea aliyerudi kwao kutoka Japani baada ya Vita vya Pili vya Dunia, na imejaa kukunja viungo na kutupana chini. Bila mikeka minene ni kuvunjana mikono. Mikeka ni pesa, walimu wake ni wachache, basi ada yake ikiwa juu usishangae. Ukiona hapkido ya bei poa inafundishwa kwenye saruji tupu, geuza.

Swali la pili la kumuuliza mwalimu, na watu wengi hawajui hata kama lipo, ni hili: taekwondo yenu ni ya upande gani? Jina lenyewe lilianza kutumika mwaka 1955, na anayehusishwa nalo zaidi ni Jenerali Choi Hong Hi. Mwaka 1966 alianzisha shirikisho la kimataifa linaloitwa ITF kwa kifupi. Baadaye alikosana na serikali ya Korea Kusini, akahamia Kanada mwaka 1972, na mwaka uliofuata Seoul ikaanzisha shirikisho lake, ambalo leo linajulikana kama World Taekwondo. Taekwondo ya Olimpiki ni hii ya pili. Ilionyeshwa Seoul 1988 bila kuhesabiwa medali, ikaingia rasmi Sydney 2000.

Siasa hizo za wazee zinagusa mfuko wako hivi. Mwanafunzi wa ITF hujifunza mifululizo 24 ya miondoko inayoitwa tul. Wa upande wa pili hujifunza mifululizo inayoitwa Taegeuk, ambayo ni nane, kabla ya mkanda mweusi. Sare hazifanani, kanuni za kupigana hazifanani. Tulimpokea kijana aliyehamia mtaani akiwa na mkanda wa bluu wa ITF. Mateke yake yalikuwa safi kuliko ya wengi wetu, lakini ilibidi aanze Taegeuk ya kwanza pamoja na watoto wa darasa la tatu, na mitihani aliyokwisha kuilipia haikumsaidia kitu. Upande mmoja haumzidi mwingine kwa thamani. Ila kama kazi yako ni ya kuhamishwahamishwa, chagua ule ambao una klabu katika miji unayoweza kupelekwa.

Sasa mitihani. Kutoka mkanda mweupe mpaka mweusi kuna ngazi kumi zinazoitwa geup, zikipitia njano, kijani, bluu na nyekundu, na katikati ya rangi kuna mikanda yenye mstari. Kila ngazi ina mtihani, na kila mtihani una ada. Kwetu ni 1,500 kwa mikanda ya chini na 2,500 ukifika nyekundu, ukijumlisha mkanda mpya na cheti. Mitihani kumi kwa bei hizo inakaribia elfu ishirini, nje ya ada ya mwezi. Ukiisambaza kwa miaka mitatu au minne si mzigo wa kumtoa mtu jasho. Tatizo ni klabu inayoongeza mistari juu ya mistari ili mtoto afanye mtihani kila mwezi, na hakuna anayeanguka. Hapo unanunua mikanda. Muulize mwalimu mtu wa mwisho kurudishwa kwenye mtihani alirudishwa lini. Asipomkumbuka hata mmoja, umepata jibu.

Mkanda mweusi wenyewe una bili yake. Upande wa World Taekwondo, cheti kinachotambulika duniani hutolewa na Kukkiwon, taasisi iliyofunguliwa Seoul mwaka 1972, katika eneo la Gangnam. Waliofikisha miaka 15 hupewa dani, yaani ngazi ya mkanda mweusi, walio chini ya hapo hupewa cheti cha poom. Ada hulipwa kwa dola, chama cha taifa nacho kina chake, klabu nayo ina yake, na shilingi ikiyumba jumla inapanda bila mtu yeyote kukudhulumu. Mwambie mwalimu akuandikie makadirio mwaka mzima kabla, uanze kuweka kidogo kidogo. Ukishapata cheti, kina namba, na namba hiyo huangaliwa kwenye tovuti ya Kukkiwon. Iangalie. Wapo watu walioning'iniza sebuleni cheti cha kupendeza kilichochapishwa hapa hapa mjini.

Njia hiyo hiyo inafaa kumpima mwalimu. Kumwomba namba ya dani yake si utovu wa adabu ukimuuliza kwa upole, na aliyeipata kwa haki huitaja bila kununa. Dani ina muda wake: kutoka ya kwanza kwenda ya pili ni angalau mwaka mmoja, ya pili kwenda ya tatu miaka miwili, ya tatu kwenda ya nne miaka mitatu. Kijana wa miaka 20 anayejitangaza dani ya tano, mpigie hesabu hiyo.

Hapa nichomeke neno kwa wale wanaouona mkanda mweusi kama kilele. Korea yenyewe, watoto wengi huupata baada ya mwaka mmoja hivi au zaidi kidogo. Gari la klabu linawachukua shuleni, wanafanya mazoezi kila siku ya juma huku wazazi wako kazini, na jioni wanarudishwa nyumbani. Kule mkanda mweusi wa kwanza maana yake umemaliza misingi, sasa uanze kufundishwa. Sisi wa siku tatu kwa wiki tunachukua miaka mitatu au minne, na sioni ubaya wowote.

Vifaa ndipo wazazi wanapokimbilia kununua mapema. Mwezi wa kwanza mtoto hahitaji kitu zaidi ya fulana na suruali isiyobana. Nusu ya wanaoanza hawafiki mwezi wa tatu, nami nimeona doboku, yaani sare za mazoezi, nyeupe pee zikiuzwa kwa watu wengine zikiwa zimefuliwa mara mbili tu. Akionyesha anabaki, nunua doboku kubwa kidogo, ukunje mikono na miguu. Mpya hupatikana kwa 3,500 hivi, na ya mtu aliyekua ikamwacha ni elfu moja na mia kadhaa. Kwetu doboku moja imevaliwa na watoto watatu wa familia tofauti, na jina la wa kwanza bado linasomeka kolani.

Kuna vitu viwili usikubali vya kuazima: kinga ya meno na kinga ya kinena. Hivyo kila mtu awe na vyake. Hogu, yaani kinga ya kifuani, na kofia ya kujikinga ziwe za klabu mpaka mtoto aanze kushindana kwa dhati. Akifika huko, jiandae kwa soksi. Katika mashindano makubwa pointi za mateke hazihesabiwi kwa macho peke yake. Soksi zina sumaku, hogu na kofia zina vihisi, na kompyuta ndiyo inayosema teke limefika: pointi mbili kifuani, tatu kichwani, na teke la kuzungusha mwili mzima huongezewa pointi. Mifumo inayotumika zaidi ni Daedo na KP&P, na soksi za mmoja hazifanyi kazi kwenye mwingine. Zinachakaa pia, utanunua tena. Uliza waandalizi wanatumia upi kabla hujatoa pesa.

Kuhusu mashindano nitasema wazi, maana wapo wanaolipa ada wakiota Olimpiki. Njia ipo. Milka Akinyi na Dickson Wamwiri waliiwakilisha Kenya Beijing 2008, na Faith Ogallo alifuzu kwa michezo ya Tokyo katika mchujo wa Afrika uliofanyika Rabat mwaka 2020. Rio 2016, Cheick Sallah Cissé aliipa Ivory Coast dhahabu. Lakini hesabu watu hao, kisha hesabu watoto waliojaa kwenye kumbi za mitaa kila Jumamosi. Shindano la kawaida litakutoa pesa ya usajili, nauli, chakula cha siku nzima, na pengine mtoto atapigana raundi mbili arudi. Mimi huwaambia wazazi wachague mawili kwa mwaka, si kila bango linalotumwa kwenye kundi la WhatsApp.

Halafu kuna mkataba. Baadhi ya majumba ya mazoezi huuza kile wanachokiita kifurushi cha mkanda mweusi: lipa mwaka mzima, au miaka miwili, upewe punguzo na sare. Jirani yangu alilipia wanawe wawili kwa mtindo huo. Kufikia mwezi wa tano mwalimu alikuwa amegombana na wenye jumba akaondoka, akaletwa kijana wa kufundisha mazoezi ya viungo na ngumi, na pesa haikurudi kwa kuwa karatasi ilisema hairudi. Lipa kwa mwezi. Ukibembelezwa sana, lipa kwa muhula, na uandikiwe risiti yenye jina la mwalimu, maana mwalimu ndiye unayemlipia.

Kabla ya hapo omba siku mbili za kutazama bila malipo. Usiwaangalie wale wa mikanda myekundu wanaoruka na kuvunja mbao, hao ndio tangazo. Mwangalie mtoto wa mkanda mweupe aliye kwenye kona. Je, kuna mtu anayemrekebisha mguu unaosimamia? Wakipigana, mkubwa na mdogo hutenganishwa? Mtoto akiumizwa, mwalimu husimamisha kazi au hucheka? Video za mtandaoni zitamsaidia kukumbuka Taegeuk nyumbani, sebule ikiruhusu. Kupokea teke la mwenzake hazimfundishi.

Watu wazima wanaoniuliza kama wamechelewa: mimi nilianza nikiwa na watoto wawili tayari, nyonga zimekakamaa kama mlango wa mabati uliolowa. Mkanda wangu sasa ni mwekundu, na teke langu halizidi kifua. Kwa mtu mzima gharama inayosahaulika ni ya kuumia. Wiki ya kwanza usijilinganishe na vijana, la sivyo ile ada uliyookoa utaipeleka kupigwa picha ya goti.

Na ikiwa pesa ni kidogo kweli, sema. Klabu za mitaani zina njia zake ambazo hazijaandikwa kwenye bango. Ndugu wawili hulipa moja na nusu. Mwanafunzi wa chuo husamehewa sehemu akisaidia kuwafundisha wadogo. Wapo wanaofagia ukumbi na kupanga vifaa badala ya ada. Januari, karo inapowakaba wote, mwalimu wetu hupokea M-Pesa ya mia mbili, mia tatu, mpaka zifike. Asichokipenda ni mtoto kupotea wiki tatu kwa sababu mzazi anaona aibu. Mtafute kabla ya tarehe tano, umweleze ulicho nacho na lini utaleta kilichobaki.