Kuwashukuru wanaojitolea usharikani

Shalom, mzee wa kanisa. Umesema wapishi na wasafishaji wa kanisa wanaacha mmoja mmoja, na mfuko wa shukrani ni mdogo. Mara nyingi kinachowachosha ni zamu isiyo na mwisho, kuliko kukosa zawadi. Anza hapo: zamu ya wiki 4, watu 3 kila Jumamosi, na tarehe ya kumaliza huduma. Nauli na sabuni zilipwe na usharika siku hiyohiyo. Wengi huona aibu kudai.

Kwenye matangazo taja kazi yenyewe: "walioosha masufuria siku ya kipaimara." Ukisoma majina, hakiki kwanza orodha na viongozi wa jumuiya, maana anayesahauliwa huumia sana. Bahasha za kila mwezi ziepuke. Zikizoeleka huweza kuhesabiwa mshahara, hata kisheria; kama zimeshaanza, muulize mwanasheria. Aliyechoka kabisa mpumzishe bila kumhoji, mchungaji amtembelee nyumbani.