Picha zenye ukungu na ukingo mweupe kwenye jarida

Habari ndugu. Umesema jarida la shule ulilopanga kwenye Scribus, programu ya kupanga kurasa, liko safi kwenye skrini, ila likichapwa picha zina ukungu na pembeni kunabaki mstari mweupe.

Picha ulitumiwa kwa WhatsApp, sivyo? Hapo ndipo zinapobanwa na kupunguzwa pikseli, yaani vinukta vinavyoiunda picha. Kwa uchapaji wa nukta 300 kwa inchi, picha yenye pikseli 1600 kwa upana inatosha sentimita 13 na nusu tu. Upana mzima wa ukurasa wa A4 unataka pikseli 2480. Kuivuta ijae fremu hakuongezi chochote. Mwambie mpiga picha azitume upya kama dokumenti, siyo kama picha.

Mstari mweupe ni suala la kisu cha kukatia karatasi, maana hakikati palepale kila karatasi. Kwenye mipangilio ya hati weka ziada ya kukatwa (bleed) ya milimita 3 kila upande, kisha vuta picha na rangi za nyuma zivuke ukingo hadi huko. Unapotoa PDF, hakikisha umeruhusu hiyo ziada itoke nayo. Wengi husahau hapa, halafu lawama zote kwa mchapaji!