Waifai haionekani kwenye Ubuntu na inasema "Key was rejected by service": kadi haijafa

SWALI: Shikamoo kaka. Niko Moshi, Majengo, nasoma chuo mwaka wa pili. Nilinunua laptopu ya HP iliyotumika, Windows yake ilikuwa nzito mno nikaifuta nikaweka Ubuntu 22.04. Vingine vyote viko poa ila waifai hamna, kwenye setingi inaandika No Wi-Fi Adapter Found. Rafiki yangu ana Dell, kaweka Ubuntu hiyohiyo kwa flashi yangu na waifai ikakubali palepale. Fundi mmoja mjini kaniambia kadi imekufa ninunue nyingine, mwingine kasema nirudishe Windows tu. Nimekopi komandi nyingi za mtandaoni, nimeweka firmware-b43-installer haikusaidia, nikaweka bcmwl-kernel-source ikamaliza vizuri ila nikiandika sudo modprobe wl inaleta: could not insert 'wl': Key was rejected by service. lspci inasema Broadcom BCM43142, namba 14e4:4365. Nifanyeje? Na je, ninunue kadi?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Kadi usinunue na Windows usirudishe, maana kwa hayo uliyoandika mwenyewe umeshafika karibu na mlango, kilichobaki ni kufungua tu. Na nakushukuru umeweka ule ujumbe wa kosa neno kwa neno pamoja na namba ya kadi, watu wengi wananiandikia "waifai haishiki" basi, hapo naanza kubahatisha kama mganga.

Tuanze na hili la kadi kufa. Kadi iliyokufa haijitaji jina. lspci inauliza kila kifaa kilichochomekwa kwenye bodi "wewe nani", kadi yako imejibu Broadcom BCM43142, maana yake ina umeme, imekaa vizuri kwenye sloti yake na inaongea na bodi. Ile 14e4 ni namba ya kampuni, Broadcom, na 4365 ni namba ya modeli. Ukiona 8086 ni Intel, 10ec ni Realtek, 168c ni Atheros. Hizi namba ndizo za kutafutia msaada, sio jina la laptopu, kwa sababu HP inaweza kutoa laptopu za jina moja, moja ina Intel ndani nyingine ina Broadcom, ukifuata maelekezo ya mwenzako mwenye "HP kama yangu" unapotea. Na rafiki yako mwenye Dell wala hajakuzidi ujanja, nadhani kadi yake ni Intel au Atheros, hizo draiva zake (programu zinazoiwezesha kompyuta kuongea na kadi) zinakuja ndani ya kerneli, yaani kiini cha Linux yenyewe, kwaiyo ukimaliza kuweka Ubuntu tayari inafanya kazi.

Yako ni tofauti. Draiva ya BCM43142 inaitwa wl, Broadcom hawakuachia wazi maandishi yote ya programu yake, kwaiyo haiwezi kuingizwa kwenye kerneli kama zile nyingine. Toleo la mwisho walilotoa wenyewe ni 6.30.223.271, la mwaka 2015, na tangu hapo wanaoiweka hai ni watu wa Ubuntu, Debian na wengine wanaoifanyia viraka kila kerneli mpya inapotoka. Ndio maana ukiiweka unaona kompyuta inajenga kitu, maandishi yanapita, feni inapiga kelele kidogo: ni DKMS, inaitengeneza draiva upya ilingane na kerneli uliyonayo. Wewe umesema ilimaliza vizuri. Kwaiyo draiva ipo, imejengwa, imekaa mahali pake.

Sasa soma tena ule ujumbe wako, Key was rejected by service. Haujasema draiva haipo, hiyo ingekuwa Module wl not found. Wala haujasema kadi haipo. Umesema ufunguo umekataliwa. Hapa kuna Secure Boot, ni ulinzi ulioko kwenye BIOS ya laptopu (programu ndogo inayoiwasha mashine kabla ya Ubuntu), ukiwa umewashwa kerneli ya Ubuntu haipokei moduli yoyote (kipande cha kuongezea kama hiyo draiva) isiyo na sahihi inayoaminika. Draiva zilizokuja na Ubuntu zimeshasainiwa na wenyewe. Yako imejengwa hapohapo kwenye laptopu yako, imesainiwa kwa ufunguo uliotengenezwa hapohapo, na huo ufunguo BIOS haiujui. Hakikisha kwanza:

mokutil --sb-state

Ikijibu SecureBoot enabled basi ndio hiyohiyo, hatuna haja ya kutafuta mchawi.

Na nadhani najua ilivyokwenda. Ulipokuwa unaweka bcmwl-kernel-source kuna sehemu ilikusimamisha ikaomba utunge neno la siri, ukatunga ukaendelea. Alafu uliporistati ikaja skrini ya bluu imeandikwa Press any key to perform MOK management na sekunde zinahesabu kurudi chini kuanzia kumi. Wengi hapo wanaogopa, wanadhani kompyuta imeharibika, au wameenda kunywa chai, sekunde zinaisha mashine inawaka kama kawaida na ombi lile linapotea. Lile ndilo lilikuwa lango lenyewe, pale ndipo unapoiambia BIOS huu ufunguo ni wangu (MOK maana yake ni ufunguo wa mwenye mashine).

Turudie taratibu. Fungua teminali uandike:

sudo update-secureboot-policy --enroll-key

Ikikwambia hamna ufunguo, andika kwanza sudo update-secureboot-policy --new-key kisha urudie hiyo ya juu. Itakuomba neno la siri, weka herufi nane au zaidi, herufi ndogo na namba tu tafadhali, usiweke alama kama @, kwa sababu ile skrini ya bluu inatumia mpangilio wa kibodi ya Kimarekani na kama laptopu yako ni ya Uingereza (za mtumba nyingi huku ni hizo) alama zinahama sehemu, utaandika neno sahihi likataliwe ubaki unashangaa. Liandike kwenye karatasi, utalitumia mara moja tu. Kisha ristati na usiondoke mbele ya mashine. Ikija bluu bonyeza kitufe chochote, chagua Enroll MOK, kisha Continue, kisha Yes, andika neno la siri (halitaonekana ukiandika, ni kawaida), kisha Reboot. Ukikosa zile sekunde hamna kilichoharibika, unarudia ile komandi tu.

Ikishawaka andika:

sudo modprobe wl

Isipojibu chochote ndio jibu zuri hilo. Subiri kidogo uangalie juu kulia, majina ya mitandao yataanza kujaa. Ila kama ufunguo umetengeneza mpya sasa hivi, draiva ya zamani ilikuwa haijasainiwa kwa huo, kwaiyo ijenge tena kwa sudo apt install --reinstall bcmwl-kernel-source ndio upige modprobe.

Kuna njia fupi, kuzima Secure Boot kabisa kwenye BIOS. Kwenye HP unabonyeza F10 wakati inawaka, unaizima, ukisevu na kuristati inakuletea namba nne kwenye skrini ikutake uziandike na Enter kuthibitisha, na hapo pia watu wanakwama wanafikiri ni hitilafu. Inafanya kazi, siwezi kukukataza. Ila mimi napenda ile ya ufunguo, kwa sababu ulinzi unabaki umewashwa na draiva inapita, na kwa laptopu ambayo hujui ilipita mikononi mwa nani kabla yako naona bora ulinzi ubaki.

Pia toa ile firmware-b43-installer. b43 ni draiva nyingine, ya kadi nyingine za Broadcom za zamani zaidi, yako haimo kwenye orodha yake:

sudo apt purge firmware-b43-installer

Na hili nalisema kwa uchungu maana naliona kila siku hapa Arusha kwenye laptopu ninazoletewa: mtu kakopi komandi kumi za watu kumi wenye kadi kumi tofauti, moja inafungia ile nyingine, na hata ukija na dawa sahihi inabidi kwanza usafishe. Ukikutana na maelekezo yanayotaja ndiswrapper funga huo ukurasa, hiyo ilikuwa namna ya kutumia draiva za Windows enzi za XP, kwa Ubuntu yako haina kazi.

Najua utauliza intaneti ya kufanyia haya utaitoa wapi wakati waifai ndio haipo. Simu yako ya Android na waya wa chaji vinatosha. Chomeka simu kwenye laptopu, ingia setingi za simu sehemu ya hotspoti, washa USB tethering, Ubuntu itaiona kama waya wa netiweki bila kuweka draiva yoyote. Waya uwe unaopitisha data, zile za bei rahisi za kuchajia tu hazitaonyesha kitu na utadhani simu ndio mbovu. Na linda bando, Ubuntu ikiona "waya" inajua uko ofisini ina haki ya kushusha maapdeti yote. Iambie hapana:

nmcli connection modify "Wired connection 1" connection.metered yes

Jina hilo la kwenye alama za kunukuu linaweza kuwa tofauti kwako, liangalie kwa nmcli connection show. Na usipige apt upgrade kwa bando la siku, utamaliza kabla hata ya kufika nusu.

Sasa kitu kitakachokusumbua baadaye, nikwambie mapema usije ukamwona fundi tena. Miezi inapita, siku moja umeapdeti, umeristati, waifai imepotea tena. Imekuja kerneli mpya na draiva haikujengwa kwa ajili yake, mara nyingi kwa sababu hedaz za hiyo kerneli (mafaili ya kujengea draiva) hazikuja nayo. Andika dkms status, ukiona namba ya kerneli uliyonayo (uname -r inakuonyesha) haimo kwenye orodha, ndio hiyo. Hii inatibu:

sudo apt install linux-headers-$(uname -r)
sudo apt install --reinstall bcmwl-kernel-source

Na kama una mtihani kesho na huna muda, ristati, nembo ya HP ikishapita gonga Esc mara moja, ingia Advanced options, chagua kerneli ya zamani iliyokuwa inafanya kazi, soma yako, utahangaika na mpya wikendi.

Ikitokea draiva imeingia lakini mitandao haionekani, andika rfkill list. Ukiona Soft blocked: yes, piga sudo rfkill unblock wifi. Ukiona Hard blocked: yes hakuna komandi itakayosaidia, ni kitufe, kwenye HP nyingi ni F12 yenye picha ya mnara, taa yake ikiwa ya machungwa imezimwa, ikiwa nyeupe imewaka.

Kuhusu kununua kadi. Nimekwambia usinunue kwa ajili ya tatizo hili, na usipande Costa kuja Arusha kilomita themanini kutafuta kitu usichokihitaji. Ila nikuambie ukweli wa hiyo BCM43142: ni ya 2.4 GHz tu, ya 5 GHz haioni kabisa, kwaiyo kama hosteli kuna jina la waifai linaonekana kwenye simu yako na kwenye laptopu halionekani, huenda ni la 5 GHz na hapo hakuna kilichoharibika. Siku ukipata hela na ukataka zaidi, kuwa makini na kufungua laptopu na kuchomeka kadi ya Intel, kuna HP ambazo BIOS yake ina orodha ya kadi inazokubali, ukiweka nyingine inagoma kuwaka na kukuandikia 104-Unsupported wireless network device detected. Kadi nzima, laptopu nzima, haviongei tu. Muulize anayekuuzia kama atairudisha.

Bora kile kidude cha kuchomeka kwenye USB. Tafuta chenye chipu ya MediaTek MT7610U au MT7612U, draiva zake ziko ndani ya kerneli. Shida ni kwamba boksi huwa halitaji chipu, linataja spidi na picha ya antena, na vile vidogo vya bei chee vingi ni Realtek ambazo nyingine zinakubali na nyingine utaanza tena habari za kujenga draiva. Kwaiyo beba flashi yako ya Ubuntu na laptopu hadi dukani, buti kwa Try Ubuntu, chomeka kidude, subiri kidogo. Majina ya mitandao yakija, lipa. Yasipokuja, mrudishie na umwambie asante. Muuza duka mwelewa hakatai, na akikataa nenda duka la pili.

Ukikwama popote nitumie majibu ya hizi tatu, kopi maandishi yenyewe usipige picha ya skrini kwa simu, herufi huwa hazisomeki:

lspci -nnk | grep -iA3 net
dkms status
sudo dmesg | grep -iE "wl|firmware|secure"