Barua kwa mwanangu: Mjomba wako na yule mpiga gitaa wa Birmingham

Mwanangu,

Salamu nyingi kutoka Chikongola. Sisi wazima, mikorosho imechanua, na kijana wa kupuliza salfa anadai hela yake, lakini hilo tutaliongea kwa simu.

Ujumbe wako nimeusoma, na zile nyimbo mdogo wako amenifungulia nikazisikiliza. Ule wa kwanza unaoanza na mvua na kengele ulinishtua, nikadhani umenitumia taarifa ya msiba. Umeniuliza swali moja, tena umeliuliza kama hakimu: je, Mjomba aliacha gitaa kwa sababu ya vidole, au alikata tamaa tu? Na shahidi wako ni huyo Tony Iommi, mpiga gitaa wa Birmingham, Uingereza. Kwamba naye alikatwa vidole na mashine akiwa na miaka 17, hakuacha, na kundi lake la Black Sabbath ndilo lililozaa huo muziki mnaouita hevi metali. Kwa hiyo kama Mzungu aliweza, Mjomba je?

Nitakujibu. Ila wewe hadithi hiyo umeisoma kwa kufuata vidole, mimi nimeisoma kwa kufuata watu waliokuwa karibu naye. Mtu ni watu, nimekwambia tangu ungali mgongoni.

Anza na mama yake Tony. Siku ile ya ajali ilikuwa ya mwisho kwa kijana huyo pale kiwandani, kwa sababu alikuwa amepata bendi ya kwenda kupiga Ujerumani. Mchana akarudi nyumbani kula, akasema harudi tena kazini, ya nini na kesho si yao? Mama yake akamwambia rudi, ukamalize kazi yako kama mtu. Akarudi. Yeye kazi yake ilikuwa kuchomelea, lakini siku hiyo mtu wa mashine ya bati hakuja, wakamweka yeye hapo. Mashine ikashuka, akavuta mkono, ncha za vidole viwili zikabaki. Kidole cha kati na kile cha pete, mkono wa kulia. Hapo nilikwama kidogo, maana Mjomba alikuwa akikandamiza nyuzi kwa mkono wa kushoto, mpaka mdogo wako akaniambia jamaa ni mtu wa kushoto, gitaa analishika kinyume. Bibi yako angemtoa ushoto huo kwa mwiko.

Mimi yule mama namfikiria sana. Maana ningesema vilevile. Wewe mwenyewe unajua mara ngapi nimekwambia kazi haiachwi nusu. Watu wanasimulia habari za mwanawe dunia nzima na yeye anatajwa kwa sentensi moja, aliyemrudisha. Mtoto wake wa pekee, fikiria.

Wa pili ni msimamizi wake wa kiwandani. Huyu ndiye ninayemtaka umwangalie vizuri. Kijana yuko nyumbani na bandeji, madaktari wamemwambia gitaa basi. Yule mzee akaja na santuri, akamwambia sikiliza. Kijana hakutaka, nani anataka kusikia gitaa saa hizo? Akalazimishwa, akasikiliza, akakubali kwamba mpigaji ni hatari. Ndipo akaambiwa: huyu anapiga solo kwa vidole viwili. Alikuwa Django Reinhardt, mpiga jazi wa jamii ya Waroma, aliyezaliwa Ubelgiji mwaka 1910. Mwaka 1928 gari la kukokotwa alimokuwa akiishi liliungua, mkono wake wa kushoto ukaharibika, vidole viwili vikajikunja visikunjuke tena.

Ninyi vijana mnasifia vile vifuniko tu. Ni kweli alikuwa na akili: aliyeyusha chupa ya plastiki ya sabuni ya vyombo, akafinyanga vikofia vya kuvaa vidoleni, akavisugua, akabandika ngozi ya jaketi kuukuu ili vishike uzi. Nyuzi nzito zikawa zinamuumiza, nyepesi hazikuwa zikiuzwa, akachukua za banjo. Baadaye, kwenye albamu yao ya tatu ya mwaka 1971, akalegeza nyuzi zaidi katika baadhi ya nyimbo, sauti ikashuka chini ikawa nzito kama unavyoipenda. Haya yote yanatoka kichwani mwake, simnyang'anyi. Lakini aliyeyusha chupa baada ya kusikia santuri, si kabla. Mtu ni watu.

Na kabla ya hapo pia. Ulipoandika kwamba ukoo wa baba yake ulikuwa wa wapiga kodiani, nilicheka peke yangu. Kodiani! Ile ile ya taarabu. Mwenyewe alitaka ngoma, wazazi wakakataa makelele ndani ya nyumba, wakampa kodiani, na kutoka hapo ndipo akaangukia gitaa. Kisha akampenda Hank Marvin wa The Shadows, ambaye nimemsikiliza pia, gitaa lake safi, linaimba bila kupayuka, mpaka nikashangaa linamzaaje huyu mwenye radi. Mdogo wako anasema ni muziki wa kupigwa bila mwimbaji, na Tony alipenda gitaa lenyewe liseme. Hilo nalielewa. Mjomba wako alikuwa hivyo kwa Dokta Nico, mpiga gitaa wa Kongo, na kwa Mbaraka Mwinshehe. Mwaka 1970, huyo wako akitoa albamu yake ya kwanza, Ijumaa tarehe 13 Februari kama ulivyonisisitizia, Mbaraka na Morogoro Jazz walikwenda Japani kupiga kwenye maonyesho ya Osaka. Kaka aliizungumza safari hiyo kana kwamba na yeye alikuwemo ndani ya ndege. Hakuwa amefika hata Ndundu, pale Mto Rufiji.

Sasa kaka mwenyewe. Unajua habari ya mashine ya katani, kwa hiyo siirudii. Unajua na vidole vyenyewe, ulivichezea ulipokuwa mdogo ukiuliza vimekwenda wapi. Usichokijua ni habari ya Jumamosi.

Bendi ilikuwa na mwenyewe. Wakati ule mpiga muziki hakuwa na chombo chake. Magitaa, amplifaya, spika, ngoma, vyote vilikuwa mali ya mwenye bendi, au ya shirika, au ya chama, na wewe mpigaji unakabidhiwa. Kaka lile gitaa la solo alikuwa akilala nalo nyumbani kwetu Mtanda, Lindi, limefunikwa kanga ya mama, sisi wadogo marufuku kuligusa, basi sote tukaliona kuwa lake. Lilikuwa jekundu, limechubuka pale mkono unapopita.

Jumamosi hiyo, kaka bado ana bandeji mpaka kwenye kiwiko, ikaja pikapu. Mwenye bendi na wenzake wawili. Hawakuja kwa shari, niseme haki yao. Walileta sukari, wakatoa pole, wakaketi mkekani, mama akawapa chai. Wakazungumza mvua, wakazungumza bei ya mafuta ya taa. Mwisho mwenye bendi akatazama pembeni akasema, leo usiku kuna dansi, tiketi zimeshauzwa, tumepata kijana wa kushikilia kwa muda. Wa kushikilia kwa muda! Kaka akasema sawa. Akasema lakini halitoki hapa likiwa limelegea, ngoja nilityuni.

Mkono mmoja hautyuni gitaa. Akaniita mimi. Akaliweka pajani, akawa anadonoa uzi kwa mkono wa kulia, mimi ninazungusha vile vifunguo vya juu. Kaza. Kaza tena. Legeza, umepita. Hapo hapo, toa mkono. Nilikuwa darasa la nne, mikono inatetemeka, na wale wazee wananitazama. Mwanangu, mimi nimefundisha shule miaka mingi, nimezaa, nimezika, lakini nafasi niliyopewa dakika zile sijapewa tena. Nilikuwa vidole vya kaka yangu. Uzi mwembamba wa mwisho akaniambia legeza kidogo, kidogo tena, basi. Akafunga kanga, akawapa.

Usiku muziki ukapanda kutoka mjini chini, Mtanda tunausikia wote, unajua kule kulivyo juu. Tumekaa barazani. Solo ikaingia, na ule uzi mwembamba uko chini! Hata mimi mtoto nilisikia. Kila yule kijana akikimbilia juu, sauti inachechemea. Kaka alikuwa amelala chali, nikasikia ametoa sauti ya pumzi puani. Alicheka, au alikohoa? Nimejiuliza mpaka leo nina wajukuu. Kaka alikuwa na sikio la kutambua gari la nani linapita kwa mlio. Uzi kulegea yeye asisikie? Lakini pia alikuwa na maumivu, na homa, na mtoto wa darasa la nne ndiye aliyekuwa anakaza. Simjui yule kijana kama aliugusa njiani. Sijui. Ninafurahi kila nikikumbuka, na kila nikikumbuka roho inaniuma, vyote kwa pamoja.

Sasa turudi kwa shahidi wako. Tony Iommi alipotoka hospitali, gitaa lilikuwa lake. Liko nyumbani, linamngoja, anajaribu leo kifuniko hiki, kesho kile, anaumia, anatupa, anaanza tena. Kaka angevaa kofia za chupa akakandamize nini? Unaniuliza habari ya vidole na mimi nakwambia habari ya pikapu.

Haya, najua utasema nini, maana nimekulea mbishi. Utasema: Mama, baadaye si alitengeneza gitaa la galoni? Ndiyo, alitengeneza. Galoni la mafuta, mti wa mninga, nyuzi za waya wa breki ya baiskeli alizozichambua moja moja. Tena nyuzi nyembamba, kama zile za banjo, bila kumsikia mtu wa Birmingham. Akatupigia sisi watoto masika yote, kwa vidole alivyobakiwa navyo, na alipiga vizuri. Hapo hoja yangu ya pikapu inatikisika, nakiri. Tena kuna la zaidi. Bendi ilirudi kumwita apige besi. Walikuja wenyewe, kwa heshima. Akakataa. Besi angeiweza, kila mtu alijua angeiweza. Kwa nini alikataa? Baba alisema kiburi. Mama alisema mwacheni, aliyekaa mbele hapendi kurudishwa nyuma. Mimi nilikuwa upande wa mama asubuhi na upande wa baba jioni, na ndivyo nilivyo mpaka sasa.

Halafu naye huyo Tony hakuwa peke yake hata akisimama. Wanne wote wa mtaa mmoja, Aston, watoto wa mji wa viwanda: Ozzy Osbourne anaimba, Geezer Butler besi, Bill Ward ngoma. Akaondoka kidogo mwisho wa 1968 kwenda bendi nyingine, Jethro Tull, akarudi kwa wenzake. Albamu ya kwanza waliirekodi karibu yote kwa siku moja. Na Julai 2025, ana miaka 77, ameshapigana na saratani, wakasimama wote wanne uwanja wa Villa Park, hapo hapo Aston, kuaga. Ulinipigia wiki zile Ozzy alipofariki, unalia, nikauliza amekufa nani wa kwetu. Sikukucheka mwanangu, ilinichukua muda tu kuelewa. Mtu analia kwa sababu wale wanne walishikana tena uzeeni. Wenzake kaka walishikana na pikapu.

Hapana, hilo limenitoka kwa hasira. Walikuwa na watoto, na tiketi zilikuwa zimeuzwa.

Unataka neno moja: vidole, au kukata tamaa. Ninalo, ulimi unaniwasha, na ungekuwa umekaa hapa jikoni lingekwisha kunitoka. Lakini siliandiki, kwa sababu mwenyewe yu hai, na kwetu Wamwera mjomba hahukumiwi na watoto wa dada yake kwa ushahidi wa mtu wa Ulaya. Wala usimtumie ile hadithi ya kiwandani. Atasikia unamwambia mwenzio aliweza.

Mpelekee Django. Muwekee tu asikie, na habari ya moto usiitaje mpaka yeye mwenyewe aulize ni nani huyo. Simu yake ni ya tochi, haina intaneti, kwa hiyo itabidi uende mwenyewe na ile spika yako ndogo. Panda basi la alfajiri, na usiende wakati wa kuvuna ufuta, hatakuwa na muda wa kukaa.

Mama yako