Keneli ikianguka kabla kompyuta haijamaliza kuwaka

Kompyuta yenye prosesa kadhaa haiziwashi zote kwa mpigo. Huanza moja, ikapakia keneli (kiini cha mfumo endeshi) na kupanga memori, ndipo ikaziamsha nyingine. Kwa hiyo ukikabidhiwa mashine inayoanguka wakati wa kuwaka, jiulize kwanza: imeanguka kabla prosesa nyingine hazijaamshwa, au baada?

Kwenye Linux, ongeza maxcpus=1 kwenye mstari wa amri wa keneli, kisha uiwashe tena na tena. Ikiwaka vizuri kila mara, saka hitilafu kwenye uamshaji wa prosesa au kwenye data zinazogombaniwa na prosesa zaidi ya moja. Ikianguka vilevile, weka kando habari za prosesa nyingi, zitakuchelewesha bure.

Kioo usikitegemee. Chomeka kebo ya siriali kwenye kompyuta nyingine, uweke earlyprintk=serial,ttyS0,115200 kwenye mstari ule ule wa amri ili keneli iandike ujumbe wake huko mapema, uhifadhi kila kinachotoka. Kisha soma kuanzia juu. Wageni wengi huikimbilia ripoti ya mwisho kwa sababu ndiyo iliyobaki machoni, wakati mara nyingi ni matokeo tu. Tazama mstari kama huu:

CPU: 2 PID: 0 Comm: swapper/2 Tainted: G D

Hiyo D inasema keneli ilikwishapata ajali kabla ya hii. Panda juu hadi ripoti isiyo na D. Hapo ndipo kazi yako inapoanzia.

Kuna anguko lisiloacha hata neno moja: mashine inajiwasha upya, basi. Kwenye x86 (familia ya prosesa za Intel na AMD), prosesa inayoamshwa huanza katika hali ya biti 16, ile ile ya prosesa ya 8086 ya mwaka 1978, na msimbo wake wa kwanza lazima ukae chini ya MB 1, kwenye anwani inayogawanyika kwa 4096. Kosa likitokea hapo kabla jedwali la kushughulikia makosa halijawekwa, hakuna wa kuandika ripoti.

Hapo tumia QEMU, programu inayoiga kompyuta nzima, bila KVM (njia ya kuendesha msimbo moja kwa moja kwenye prosesa halisi), kwa -smp 4 -no-reboot -d int,cpu_reset -s -S, kisha unganisha gdb, programu ya kusaka hitilafu. Amri ya info threads itakuonyesha kila prosesa kama thredi yake. Linganisha RSP zao, yaani rejista inayoonyesha kilele cha staki (sehemu ya memori ambamo prosesa huweka anwani za kurudia). Ukizikuta prosesa mbili zinaelekeza kwenye staki moja, umempata mchawi: kila moja inafuta anwani za kurudia za mwenzake. Kwa anayeandika keneli yake mwenyewe, hili nimeliona kuliko kosa jingine lolote.

Nakusihi pia: ukiongeza printk (amri ya keneli ya kuandika ujumbe) na hitilafu ikatoweka, usiseme umeirekebisha. Kuandika kwenye siriali kunachukua muda, na muda huo umebadilisha nani anatangulia kufika kwenye data. Toa printk hiyo. Ipe kila prosesa safu yake ndogo kwenye memori, iandike humo namba ya hatua iliyofikia, kisha uzisome zote kwa gdb baada ya anguko.